Fuata Anayerudi

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kwa foleni tulizonazo, mfanyakazi wa eneo la Posta anayeishi Mbagala, Bunju au Chanika hawezi kwenda kwake kula mchana akawahi kurudi kazini. Kwa hiyo jiji limejaa watu wanaowapikia watu wasio ndugu zao: mama lishe na baba lishe, wauza supu, wakaanga chipsi, wachoma mishkaki, hoteli za uswahilini, migahawa ya ghorofani yenye vitambaa vya meza, na baa zisizo na idadi. Katikati ya wingi huo, mgeni akiuliza wapi pa kula vizuri au wapi pa kuketi jioni na wenzake, hutajiwa majina yale yale matano au sita, mengi yakiwa ya ufukweni Masaki na Msasani au ya ndani ya hoteli kubwa. Hajadanganywa. Ila amejibiwa swali jingine, la wapi panajulikana, na mahali hujulikana kwa sababu nyingi ambazo chakula ni moja tu kati yake. Ninachotetea hapa ni kwamba mtu anayetaka kula na kustarehe vizuri katika jiji hili atafika haraka zaidi akianza na swali la nani hurudi mahali fulani, na nini humrudisha.

Hoja yenyewe ni ya kibiashara. Jiko linalotegemea wapita njia na jiko linalotegemea wateja wa kila siku yanaweza kuuza wali na kuku ule ule, lakini yanaishi kwa sheria tofauti. Abiria anayesubiri basi la mkoani pale Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, akipewa kuku mkavu hana la kufanya. Keshokutwa yuko Songea, na kiti chake ameshakikalia abiria mwingine mwenye njaa. Mpishi hapati hasara yoyote. Mlinganishe na mama anayewapikia mafundi wa vyuma wa Gerezani. Wateja wake ni wale wale, anawajua kwa majina, na baadhi yao anawaandika kwenye daftari wakisubiri kulipwa kazi. Wali ukiungua Jumatatu, Jumanne wanahamia benchi la jirani, tena kwa kelele na utani utakaofika mtaa wa tatu. Hakuna mkaguzi wa serikali anayeweza kumsimamia mpishi kwa ukali huo. Mwanauchumi wa Marekani Tyler Cowen, katika kitabu alichokitoa mwaka 2012 kuhusu namna ya kula vizuri kwa pesa kidogo, alifika karibu na hapo: panapokuwa na mandhari ya kuvutia na pango kubwa, sehemu ya pesa yako inalipia mandhari na pango. Aliandika akiwa na miji ya kwao kichwani, lakini yeyote aliyewahi kulinganisha bili ya samaki wa ufukweni na ya samaki aliyenunuliwa soko la Feri na kukaangwa hapo hapo ataelewa bila kufundishwa uchumi.

Kigumu kwa mgeni ni kwamba wateja wa kudumu hawaonekani muda wote, kwa sababu Dar es Salaam hula kwa zamu. Kona moja ya mtaa inaweza kuwa na majiko matatu kwa siku, na kila moja lina watu wake. Alfajiri ni zamu ya supu. Kongoro zimechemka usiku kucha mpaka mchuzi umeshika midomo. Mteja anakamulia ndimu, anatupia chumvi na pilipili, anachukua chapati mbili, anakunywa akiwa amesimama au amekaa kwenye benchi lisilo na nafasi ya kujinyoosha. Kufikia saa nne asubuhi sufuria la muuzaji mzuri linakwanguliwa. Saa sita zamu inageuka: wali, ugali, maharage, mchicha, samaki wa kukaanga, nyama ya rosti, na saa nane masufuria yanaoshwa. Jioni ile kona inawashwa upya kwa mkaa, pakaja mishkaki, ndizi za kuchoma, chipsi mayai, na pengine yule muuza pweza mwenye meza ndogo, vijiti na vikombe vya supu. Katika mwezi wa Ramadhani ratiba yote hii hupinduka. Mitaa mingi hulala mchana, halafu kabla ya magharibi mabenchi hujaa mihogo, magimbi, tambi na uji wenye pilipili manga. Mtu anayefika kwa muuza supu saa saba mchana akakuta mabaki yaliyopashwa moto, kisha akaondoka akisema hapana kitu, amelihukumu jiko kwa saa ambayo wateja wake halisi walikwisha ondoka.

Ndiyo maana alama ninayoiamini kuliko zote ni neno "imeisha". Jiko linaloishiwa ni jiko lililopika leo kwa ajili ya watu linaowajua, likakadiria, likauza. Jiko lisiloishiwa kamwe lina siri kwenye friza. Kwa mantiki hiyo hiyo, orodha fupi ya vyakula ni habari njema. Ubao wenye vyakula hamsini, kuanzia piza mpaka biriani, unatangaza kwamba vingi kati ya hivyo havipikwi mpaka mtu aagize, na havijaagizwa tangu wiki iliyopita. Mamboz, pale kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, imejipatia jina kwa kuku wa mkaa wa jioni, na wageni kutoka ng'ambo huitafuta kwa ramani. Lakini tazama meza zake uone familia za Kisutu na Upanga zinazokula pale, nazo zina vizazi vya utaalamu wa kuku na masala. Umaarufu haujaiharibu kwa sababu hakimu wa zamani hajaondoka. Siku familia hizo zitakapohamia kwingine, mgeni atakuwa wa mwisho kujua.

Hapo tunafika kwenye jambo linaloufanya mji wa wahamiaji kuwa mtamu: kila chakula kina watu wasiodanganyika nacho. Mtori hauwezi kuchakachuliwa mbele ya Wachaga waliolelewa nao, na sato mkavu hawezi kusifiwa na mtu wa Mwanza. Urojo una mahakimu wake waliovuka bahari kutoka Unguja. Karibu na mahekalu ya Kisutu, vyakula vya Kihindi visivyo na nyama huliwa na waumini ambao kwao hivyo ndivyo chakula cha nyumbani, hivyo mpishi hana pa kujificha. Anayetaka kitu fulani basi atafute kwanza watu wa kitu hicho, kisha aangalie wanaelekea wapi Jumapili mchana. Kanuni hii ina ufa wake mdogo, maana watu wa kwao pia hula kwa kumbukumbu na husamehe mengi, lakini husamehe mapambo mabaya na viti vibovu. Ladha hawaisamehe.

Kwenye baa hesabu inabadilika, na wengi hukosea kwa sababu wanaangalia kinywaji. Bia ya chupa ni ile ile kila mahali. Tanzania Breweries, iliyoanzishwa mwaka 1933, na washindani wake wanapeleka Safari, Kilimanjaro, Serengeti na nyinginezo kwa kila kaunta, ziwe za baridi au za moto, na hakuna mwenye baa anayeweza kuifanya Safari yake iwe tamu kuliko ya jirani. Kwa hiyo ubora wa baa umekaa kwingine, na mara nyingi hata si mali ya mwenye baa. Katika baa nyingi za Sinza, Kinondoni, Tabata au Temeke, jiko ni biashara ya mtu mwingine aliyekodi ile kona: mchoma nyama ana mizani yake na mfuko wake wa pesa, mkaanga chipsi ana wake, na ukija wakati wa kulipa unakuta bili ya vinywaji iko kwa mhudumu na ya nyama iko jikoni. Mpangilio huo una maana kubwa kwa mlaji. Mchomaji mzuri anaweza kuhama na wateja wake, akaiacha baa yenye taa nzuri ikiwa haina kitu, na baa yenye viti vya plastiki ikajaa kwa sababu yake.

Ukiingia baa usiyoijua, basi, usikae kwanza. Nenda jikoni. Mguu wa mbuzi unaning'inia na unauona. Unaonyesha unapotaka pakatwe, kipande kinapimwa mbele yako, na mchomaji mwenye heshima ya kazi yake anakwambia usubiri, dakika arobaini na zaidi, kwa sababu nyama mbichi haiivi kwa dakika kumi. Anayekuahidi dakika kumi anakupasha moto kiporo cha jana. Angalia mkaa: nyama iliyo mbali kidogo na makaa yaliyotulia inaiva, iliyo juu ya ndimi za moto inaungua nje na kubaki mbichi kwenye mfupa. Angalia pia kachumbari inakatwa saa ngapi. Wale wa kitimoto wana kipimo chao, cha kuangalia kama mafuta yameachwa yakayeyuka polepole au nyama imezamishwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi. Na kwa kuwa wateja wa kitimoto ni watu wenye mapenzi makubwa na chakula chao, kibanda kizuri cha Jumamosi utakijua kwa magari yaliyoegeshwa ovyo barabarani.

Baada ya jiko, tazama wahudumu. Mhudumu aliyekaa baa moja miaka anamkumbuka mteja, anafungua chupa mbele yake bila kuambiwa, anaziacha chupa tupu mezani ili hesabu isilete ubishi, na hapigi simu huku anakuchukulia oda. Baa inayobadilisha wahudumu kila mwezi ina tatizo la mishahara, na tatizo la mishahara hugeuka kuwa tatizo la chenji. Kitu cha tatu ni kelele. Muziki umewahi kuwa ndio sababu ya mtu kuwa na baa yake. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na baadaye ikawa Msondo Ngoma, na DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 na inayoitwa Sikinde, zilijenga wapenzi wao kwa kupiga kwenye kumbi zinazojulikana kwa siku zinazojulikana. Mpenzi wa Sikinde alijua Jumamosi yake iko wapi, na waliokuwa meza ya jirani alikuwa amewaona wiki iliyotangulia. Starehe ilikuwa ya kurudi. Leo spika mbili kubwa zinaweza kufanya kazi ya bendi kwa gharama ndogo, na baadhi ya wenye baa wanaamini kwamba sauti kubwa huvuta watu. Huvuta wapita njia, hilo ni kweli. Waliotaka kuzungumza wanaondoka baada ya bia ya kwanza, majirani wanalalamika, na baraza la mazingira, NEMC, limekwishazifungia baa kadhaa kwa sababu hiyo.

Atakuja mtu aseme kwamba yote haya ni ya kizamani, simu ina nyota. Sipuuzi nyota. Michael Luca, wakati huo akiwa Harvard, alionyesha mwaka 2011, kwa kutumia migahawa ya Seattle, kwamba nyota moja zaidi kwenye mtandao wa maoni wa Yelp iliongezea mgahawa wa kujitegemea mapato kwa kati ya asilimia 5 na 9. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hiyo hiyo ndiyo sababu ya kuitilia shaka, maana kitu chenye thamani hiyo lazima kitaghushiwa. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alisajili kibanda cha bustani alichokuwa akiishi Dulwich, kusini mwa London, kama mgahawa kwenye TripAdvisor. Hapakuwa na mgahawa. Marafiki zake waliandika sifa za uongo, picha za "vyakula" zikapigwa kwa kutumia povu la kunyolea na vitu vya usafi, na kufikia Novemba kibanda kile kilikuwa nambari moja kati ya migahawa yote ya jiji la London. Hata miongozo yenye heshima ina wazazi wenye shughuli nyingine: ule wa Michelin ulianza Ufaransa mwaka 1900 ukitolewa na watengenezaji wa matairi, waliotaka wenye magari wasafiri zaidi. Kwa Dar es Salaam lipo tatizo kubwa kuliko uongo, nalo ni ukimya. Fundi wa Gerezani haandiki maoni mtandaoni kuhusu maharage ya mama lishe. Anayeandika ni mgeni aliyekula hotelini kwake, hivyo ramani inajaa mahali wageni wanapofika na kuacha tupu mitaa wenyeji wanapokula. Simu itumie kujua kama pamefungwa na kuona picha ya sahani ya wiki iliyopita. Hukumu iachie meza.

Pingamizi la usafi ni zito zaidi, na halijibiwi kwa kusema kwamba wenyeji wamezoea. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka jijini humu na kuenea mikoani, na wenyeji ndio waliougua. Lakini tuangalie hatari inakaa wapi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kitunzwe kikiwa na joto linalozidi nyuzi 60, au ubaridi ulio chini ya nyuzi 5, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Sufuria la supu linalochemka hadi linapoisha linatimiza sharti hilo vizuri kuliko bufee ya harusi iliyopashwa kwa kimshumaa tangu saa moja usiku. Jiko lenye wateja wengi wanaorudi linauza haraka, na kasi ni aina ya usafi. Kisichookolewa na kasi ni maji. Kwa hiyo macho yawe kwenye ndoo yenye bomba na sabuni, kwenye beseni la kusuuzia sahani na rangi ya maji yake, na kwenye vile visivyopikwa: kachumbari, juisi, barafu. Mwenye wasiwasi ale supu aache kachumbari. Beseni likiwa jeusi aondoke, hata kama benchi limejaa mawakili wa Mahakama ya Kisutu.

Linabaki pingamizi ambalo kwangu ndilo gumu hasa. Watu hurudi kwa sababu ya bei, ukaribu na mkopo wa daftarini. Fundi asiye na nauli ya kwenda kwingine hajapiga kura ya ladha, amepiga kura ya umbali. Ni kweli, na kwa hiyo kurudi kwenyewe hakutoshi bila kuangalia nini kimepuuzwa ili kurudi. Mabenchi matatu yakiwa yamepangana na bei ni moja, foleni kwenye la katikati ina maana. Mtu aliyeshuka bodaboda mbali na kwake, akapita hoteli mbili njiani, ana maana kuliko kumi waliovuka barabara tu. Anayenunua akabeba kwa ajili ya nyumbani ana maana, kwa sababu atajibu lawama za familia. Kinyume chake, baa iliyofurika siku ya Simba na Yanga haijasema lolote kuhusu nyama yake. Imesema ina televisheni kubwa. Na kuna kipimo ambacho wanaume wanaosifia baa huwa hawakitaji: je, wanawake hurudi? Mahali ambapo kina dada watatu wanaweza kukaa na vinywaji vyao mpaka usiku bila mtu kuvuta kiti asichokaribishwa, na ambapo choo kina mlango unaofungwa, pana mwenyewe anayejali vitu vidogo. Pasipo hayo, nusu ya jiji imeshapakataa kimyakimya na meza zilizojaa hazibadilishi hilo.

Isitoshe, maarifa haya huchakaa haraka. Jengo la Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Mwishoni mwa mwaka huo huo wamachinga, na mama lishe pamoja nao, waliondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu na kupelekwa maeneo waliyopangiwa. Ujenzi wa barabara za mwendokasi nao umekula vibanda vingi kando ya barabara kuu. Orodha yoyote ya "kumi bora" iliyochapwa kabla ya hapo ina majina ya kona zisizokuwepo. Wapishi wenyewe hawakupotea. Wanaojua walikohamia ni wale waliokuwa wakila kwao, kwa sababu walipewa namba ya simu siku ya kuondoka au walitumiwa mtu wa kuwaelekeza. Ndiyo maana, ukiwa mgeni wa mtaa, swali la kumuuliza dereva wa bajaji, mlinzi wa jengo au karani wa ofisini ni jepesi: wewe mwenyewe leo mchana umekula wapi? Ukimuuliza wapi pazuri atakupeleka anapodhani mtu wa aina yako anapenda. Ukimuuliza amekula wapi atakutazama kidogo, pengine acheke, halafu akuonyeshe kichochoro ulichokipita mara mbili, na akwambie uwahi kabla ya saa nane.